Kosa la Mtu Aliyechelewa: Vipi Ilivyozaliwa Elimu ya Nafsi



Leo nataka tukae pamoja tuitazame khabari ya elimu moja ambayo vijana wetu wanaisoma katika vyuo vikuu, na ambayo wazee wengi wamelisikia jina lake tu wakaitilia shaka. Elimu hiyo huitwa saikolojia, na wengi katika sisi huiita elimu ya nafsi. Wapo wanaodhani kwamba ni elimu ya kuchungulia roho za watu, au kwamba ni uganga uliovishwa koti na tai. Na wapo, kwa upande wa pili, wanaodhani kwamba kila asemalo mwenye shahada ya elimu hiyo ni hukumu isiyorudi. Makundi yote mawili yangenufaika lau yangejua elimu hii ilitokea wapi.

Mti hauna mzizi mmoja, na elimu hii nayo ina mizizi mingi. Lakini mmoja katika mizizi yake mikubwa haukuwa katika roho, wala katika wazimu, wala katika ndoto. Ulikuwa ni kosa dogo lisilofika sekunde moja, na mtu mmoja mwenye bidii aliyefukuzwa kazi kwa sababu ya kosa hilo. Nisikilize, kwani kisa hiki kina mafunzo kwa kila mwenye watoto na kila mwenye wanafunzi.

Msaidizi wa Greenwich

Huko London, juu ya kilima cha Greenwich, ipo nyumba iliyojengwa mwaka 1675 kwa kazi ya kuangalia nyota. Usidhani kwamba mfalme wa Uingereza aliijenga ili atazamiwe bahati. Aliijenga kwa ajili ya vyombo vya baharini. Baharia aliye katikati ya maji hakuwa na njia ya kujua yuko wapi ila kwa nyota na kwa hisabu ya wakati, na hilo wazee wetu manahodha waliovuka bahari kwa kaskazi na kusi walilijua vizuri. Dunia huzunguka kwa muda wa saa 24, nazo ni sekunde 86,400, na duara yake kwenye Ikweta ni kilomita 40,000 na kitu. Gawanya hisabu hiyo, utaona kwamba kila sekunde moja ya wakati ni kama mita 460 za ardhi. Kwa hivyo mwanafalaki anapokosea sekunde moja, baharia naye hupotea karibu nusu kilomita, na miamba haina huruma.

Tangu mwaka 1765 mkuu wa nyumba hiyo alikuwa Nevil Maskelyne, mtu wa kanisa na mwanafalaki mkubwa. Mwaka 1794 alipata msaidizi kijana, jina lake David Kinnebrook. Kazi yao ilikuwa hivi. Ndani ya darubini mlitandikwa nyuzi nyembamba, na mwanafalaki hutakiwa ajue ni wakati gani khasa nyota inaupita uzi. Hutazama saa kwanza, akaishika sekunde, kisha akaweka jicho kwenye darubini huku sikio lake likihisabu mipigo ya saa. Mpigo mmoja, nyota iko hapa, kabla ya uzi. Mpigo wa pili, nyota iko pale, imeshaupita. Kwa kupima akilini masafa ya pande mbili hizo, huamua kwamba nyota ilipita katika sehemu ya tatu ya kumi ya sekunde, au ya sita, au ya nane. Ni kazi ya jicho, sikio na akili kwa pamoja. Wenyewe waliamini kwamba mtu mzoefu hakosei zaidi ya sehemu moja au mbili za kumi za sekunde.

Mwanzo Maskelyne na msaidizi wake walikubaliana. Lakini katika mwezi wa Agosti 1795 mkuu akaona kwamba Kinnebrook anaandika nyota zote zimechelewa kwa nusu sekunde kuliko anavyoziona yeye. Akamwonya, akamtaka ajirekebishe. Kijana akajitahidi, lakini tofauti haikupungua, bali ilizidi; na ilipofika Januari 1796 ilikuwa sehemu nane za kumi za sekunde. Maskelyne akafikiri kwamba kijana amejizoesha njia yake mwenyewe iliyoharibika, wala hataweza tena kuiacha. Akamwachisha kazi. Aliandika kwamba alisikitika kuachana naye, kwani katika mambo mengine alikuwa mtu wa bidii na manufaa. Khabari hiyo ikatiwa katika kitabu cha hisabu za nyota na kitabu kikachapishwa. Kinnebrook alikufa mwaka 1802, naye bado kijana, wala hapana aliyemwambia kwamba huenda hakuwa na kosa.

Sasa nakuuliza, ewe msomaji: ni nani aliyekuwa na haki hapo? Maskelyne hakuwa mtu mwovu. Alikuwa na amana ya roho za mabaharia. Lakini tazama alilolifanya. Watu wawili waliitazama nyota moja, wakatofautiana. Mmoja wao alikuwa mkubwa na mmoja mdogo. Yule mkubwa akaifanya nafsi yake kuwa ndiyo mizani, akampima mwenziwe kwa mizani hiyo, akamkuta amepungua. Hakujiuliza hata mara moja: je, pengine mimi ndiye ninayetangulia?

Swali la kale

Kabla ya kuendelea, turudi nyuma kidogo, kwani chini ya ugomvi huu limelala swali la kale: je, kuona kwahitaji wakati? Mtu anapofungua jicho, je, huona papo hapo, au kuna kazi inayofanyika ndani yake kwanza?

Swali hili alilishughulikia Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra, aliyeishi Misri na akafa huko Cairo karibu mwaka 1040. Katika Kitab al-Manazir, kitabu cha juzuu saba juu ya nuru na kuona, alieleza kwamba nuru hutoka katika vitu ikaingia jichoni, lakini jicho peke yake halitoshi. Akili hupambanua, hulinganisha na yale iliyokwisha kuyajua, kisha ndipo mtu akasema: hiki ni kitu fulani. Kazi hiyo hupita upesi hata mtu asijue kwamba imefanyika. Na kutambua rangi, alisema, kwahitaji wakati. Akatoa mfano wa pia wanayochezea watoto. Ikipakwa rangi mbali mbali kisha ikazungushwa kwa nguvu, jicho halizioni rangi zile, ila huona rangi moja iliyochanganyika, kwa sababu kila rangi imepita kabla jicho halijapata muda wa kuishika.

Nalitaja hili kwa kuwa ni haki yake, wala si kwa kujifakhiri. Baadhi ya wenzetu wana tabia ya kudai kwamba kila kilichovumbuliwa Ulaya kilikuwa chetu tangu hapo. Maneno hayo hayatufai, kwani mwenye kula sifa za babu zake hushiba upepo. Ibn al-Haytham alijua kwamba kuna muda, lakini hakuupima muda huo kwa saa. Waliokuja kuupima ni wengine, na fadhila hiyo ni yao.

Bessel ajipima mwenyewe

Miaka 20 baada ya Kinnebrook kufukuzwa, khabari yake ilimfikia Friedrich Bessel, mwanafalaki wa Königsberg, mji uliokuwa wa Prussia wakati huo na ambao leo ni Kaliningrad katika Urusi. Bwana huyu katika ujana wake alikuwa karani mwanafunzi katika nyumba ya biashara huko Bremen, akajifunza falaki usiku baada ya kazi. Pengine ndiyo sababu kisa cha msaidizi mnyonge kilimgusa. Aliposoma alijiuliza swali ambalo Maskelyne hakujiuliza: itakuwaje mtu mwenye bidii, aliyekwisha kuonywa, na anayejua kwamba riziki yake iko hatarini, aendelee kukosea vile vile kila siku? Huo si uvivu. Uvivu haulingani hivyo.

Basi katika miaka ya 1820 akaanza kujilinganisha yeye mwenyewe na wanafalaki wengine, watu mahodari wasio na shaka. Matokeo yalimshangaza. Baina yake na mmoja wao palikuwa na tofauti ya zaidi ya sekunde moja nzima, yaani kubwa kuliko ile iliyomfukuzisha Kinnebrook. Alipojilinganisha na mwengine akakuta kiasi chengine. Ikabainika kwamba kila mtu ana tofauti yake, na kwamba hapana hata mmoja aliyeepukana nayo, awe mkubwa au mdogo. Tangu hapo wanafalaki wakawa wanaitia tofauti hiyo katika hisabu zao. Kabla ya kupima nyota, kwanza humpima yule anayeitazama.

Hapa, ndugu msomaji, ndipo mlango ulipofunguka. Jambo lililokuwa likiitwa kosa la mtu likageuka kuwa swali la elimu. Ni kitu gani kinachopita ndani ya mwanadamu baina ya kufika kwa jambo na kulitambua?

Saa yaingia ndani ya mwili

Mwaka 1850, katika mji huo huo wa Königsberg, Hermann Helmholtz alichukua mshipa wa fahamu wa chura pamoja na msuli wake, akaugusa kwa umeme karibu na msuli, kisha mbali na msuli, akapima tofauti ya muda. Mwalimu wake, Johannes Müller, mwanachuoni mkubwa, alikuwa akidhani kwamba mwendo wa khabari katika mishipa ni wa kasi mno hata haupimiki. Helmholtz akakuta kwamba ni kama mita 25 hadi 40 kwa sekunde tu. Maana yake, motokaa inayokwenda mbio katika barabara nzuri yaweza kushindana nao. Mtu anapochomwa na mwiba mguuni, kichwa hakijui mara ile ile. Mjumbe yuko njiani.

Kisha huko Utrecht katika Uholanzi, Franciscus Donders alipima kazi ya akili yenyewe. Mtu aliguswa kwa umeme kidogo mguuni, naye hutakiwa ajibu kwa mkono wa upande ule ule. Akiwa anajua mapema mguu gani utaguswa, hujibu upesi. Asipojua, na ikambidi atambue kwanza kisha achague mkono, huchelewa kwa kiasi cha sehemu moja ya kumi na tano ya sekunde. Donders alieleza matokeo yake mwaka 1868. Kwa mara ya kwanza uamuzi wa mwanadamu uliwekewa kipimo.

Katika mji wa Leipzig nako, Ernst Weber alikuwa amekwisha kuonyesha mwaka 1834 kwamba hisia zina kanuni yake. Mama aliyebeba kikapu kitupu, ukimtilia chungwa moja atalihisi. Akiwa amekijaza viazi, ukamtilia chungwa lile lile hatalihisi. Kwani mkono hautambui uzito ulioongezwa peke yake, bali huupima kwa kuulinganisha na uliokuwapo. Mwenziwe, Gustav Fechner, akaijenga kanuni hiyo kwa hisabu katika kitabu alichokitoa mwaka 1860.

Wundt na chumba chake

Sasa twafika kwa mtu aliyeyakusanya yote haya. Wilhelm Wundt alizaliwa Ujerumani mwaka 1832, mtoto wa mchungaji wa kanisa. Alisomea udaktari, na mwaka 1858 akawa msaidizi wa Helmholtz, ambaye wakati huo alikuwa amehamia Heidelberg. Na tazama mambo yanavyorudi: katika majaribio yake ya mwanzo alitengeneza chombo cha saa chenye mkono uliokuwa ukipita mbele ya namba, na kengele iliyokuwa ikilia mkono ufikapo mahali maalumu. Akawa anajiuliza: kengele ilipolia, niliuona mkono uko wapi? Akakuta kwamba hauoni pale ulipo kwa kweli. Moyo ukishughulika na sauti, jicho huchelewa. Ukishughulika na jicho, sauti huchelewa. Hilo ndilo tatizo la Kinnebrook lenyewe, limetolewa kwenye darubini likawekwa juu ya meza.

Mwaka 1874 alimaliza kutoa kitabu kikubwa alichotangaza ndani yake kwamba anataka kuiwekea mipaka elimu mpya. Mwaka 1875 akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Leipzig. Huko alipewa chumba kidogo cha kuwekea vyombo vyake, na katika chumba hicho, mwaka 1879, wanafunzi wake walianza majaribio yao wenyewe. Mwaka huo ndio ambao wengi huuhisabu kuwa ni wa kuzaliwa kwa saikolojia kuwa elimu yenye kusimama peke yake, kwani ndipo ilipopata maabara, na wanafunzi, na baadaye gazeti lake. Vyombo vyao vilikuwa vya kawaida: kengele, taa, vifungo vya kubonyeza, na saa iliyoweza kugawa sekunde moja mafungu elfu. Wakaja vijana kutoka Marekani, Uingereza, Urusi na kwengineko, nao waliporudi makwao wakafungua maabara kama ile. Wundt aliishi mpaka mwaka 1920.

Na hapa niwajibu wale wenye khofu. Watu hawa hawakuipima roho, wala hawakuweza. Walipima kazi za hisia na mazingatio. Wundt mwenyewe alisema kwamba mambo makubwa ya mwanadamu, kama lugha na desturi na dini, hayapimiki kwa saa ya maabara, na akatumia miaka yake 20 ya mwisho kuyaandikia kitabu cha juzuu kumi kwa njia nyengine. Mwenye elimu ya kweli hujua mahali kamba yake inapokatikia.

Kipimo ni kama kisu

Matunda ya elimu hii yalianza kuonekana upesi. Mwaka 1885 Hermann Ebbinghaus, Mjerumani mwengine, alitoa kitabu juu ya kukumbuka na kusahau. Alijifanyia majaribio yeye mwenyewe kwa miaka, akihifadhi silabi zisizo na maana, kisha akapima kiasi gani kimepotea. Akakuta kwamba katika saa ya kwanza hupotea zaidi ya nusu, kisha kusahau kukapunguza mwendo. Na kila anapolirudia jambo, hulipata tena kwa taabu ndogo kuliko mara ya kwanza. Walimu wa Qur'ani wanaosisitiza muraja'a walilijua jambo hili kwa uzoefu. Lakini tumelijua vipi? Tumejua kwamba kurudia kwafaa. Hatukusadiki kwamba kusahau ni maumbile. Tulidhani ni utundu.

Lakini kisu kikatacho mkate hukata na mkono. Huko London mwaka 1884 Francis Galton alifungua mahali ambapo mtu hulipa peni tatu akapimwa macho, masikio, nguvu na wepesi wa kujibu. Galton huyo, mwaka mmoja kabla, alikuwa amelibuni jina la elimu aliyoitaka ya kuchagua nani wazae na nani wasizae, ili lipatikane kabila bora la watu. Katika karne iliyofuata maelfu ya watu walifungwa uzazi kwa nguvu, Marekani na Ujerumani na kwengineko, kwa jina la fikra hizo. Bessel alikitumia kipimo akajipima kwanza yeye mwenyewe, na kipimo kikamtetea mnyonge. Hawa walikitumia kwa kuwapima wengine na kuwashusha daraja. Kipimo ni kile kile. Niya ndiyo iliyotofautiana.

Jambo langu mwenyewe

Nimekusimulia ya Greenwich na Leipzig, ndugu msomaji, lakini sababu iliyonifanya niandike iko karibu zaidi. Nimesomesha chuoni zaidi ya miaka 40. Zamani, nilipokuwa na nguvu za mkono, nilikuwa na mtoto mmoja ambaye kila nikimuuliza hunyamaza kwanza. Wenziwe wamekwisha kujibu, yeye ananitazama tu. Nilidhani ananikejeli. Nikampiga bakora, si mara moja. Mwisho hakuja tena, nami nikasema moyoni mwangu kwamba chuo kimepungukiwa na mzembe mmoja.

Ikapita miaka mingi. Siku moja baada ya sala ya alasiri alinijia mtu mzima, fundi seremala wa kutajika, ameshika mkono wa mtoto. Akanibusu mkono, nami sikumtambua mpaka aliponitajia jina. Akaniambia, "Maalim, nimekuletea mwanangu umsomeshe. Nina ombi moja tu. Ni kama mimi, mzito wa kujibu. Ukimuuliza akanyamaza, msubiri kidogo. Jawabu huwa nayo." Hakusema zaidi ya hayo, wala hakunilaumu. Lau angenilaumu ingekuwa nafuu kwangu.

Mtoto yule nilimsubiri. Na jawabu alikuwa nayo.

Basi nakusihi, baba na mama na mwalimu mwenzangu. Mtoto akichelewa, usikimbilie kusema ni mvivu au mjinga au mkaidi. Pengine hasikii vizuri, pengine hauoni ubao, pengine njia ya jawabu kwake ni ndefu kuliko kwako. Mke akisimulia jambo vingine na mume akalisimulia vingine, si lazima mmoja wao awe mwongo. Huenda walitazama nyota moja, kila mtu kwa jicho lake. Dini yetu imetufunza kuhakikisha kabla ya kuhukumu, na elimu ya nafsi imekuja kutuonyesha kwa saa na kengele kwa nini tunahitaji kufanya hivyo. Kabla hujampima mwenzio, jipime kwanza wewe.

Mwenyezi Mungu atusamehe tuliowahukumu watu kwa haraka, na atujaalie subira na wale aliotupa amana ya kuwalea. Amin.